Lenzi Iliyomkosa Mama

Kwa anayeanza kunisoma leo, hadithi ikiwa imeshafika njiani, nitaeleza kwa kifupi, maana hata mimi mwenyewe nimechoka kuisikia hadithi yangu.

Mimi ni mpiga picha. Watu wananiita Mama Picha. Kwa miaka kumi na mmoja nilifanya kazi na wifi yangu, dada wa mume wangu, harusi baada ya harusi, jua letu, mvua yetu. Miezi minne iliyopita tulipiga harusi moja. Mimi nilikuwa mbele na maharusi. Wifi nilimkabidhi lenzi kubwa ya kuvuta, akae mbali awapige picha wazazi.

Mama wa bi harusi alikuwa mgonjwa sana. Alituomba kitu kimoja tu, tusimwekee kamera usoni. Kwa hiyo kila picha yake ilipigwa kwa mbali, lenzi imevutwa mpaka mwisho wake.

Na kila picha yake ilitoka na ukungu. Uso upo, macho hayapo. Pazia lililokuwa nyuma yake, hilo ungeweza kuhesabu nyuzi.

Nilimlaumu wifi mbele ya ndugu wa bi harusi. Nilisema mikono yake inatetemeka. Nikamfukuza kazi. Wiki sita baada ya harusi, yule mama akafariki.

Mara ya mwisho niliishia pale bi harusi alipokuja studio, tumbo limeshaonekana, akaniomba picha moja tu ya mama yake yenye macho. Nikamjibu kwamba haipo, na kwamba aliyekosea nilishamwondoa.

Sasa sikilizeni aibu yangu.

Kesho yake nilikuwa na kazi ya kuwaaga walimu wastaafu. Nilienda na lenzi ileile, mikono yangu mwenyewe, macho yangu mwenyewe. Jioni nilipofungua picha, mwalimu mkuu hana macho. Bango la nyuma yake linasomeka mpaka nukta.

Nilikaa nikaiangalia mikono yangu. Haikuwa inatetemeka. Hapo ndipo shaka ikaanza.

Mume wangu, ambaye tangu nimfukuze dada yake alikuwa ananijibu kwa "sawa" na "mh", alipita akaniona nimeinamia kompyuta.

"Wifi yako naye alikuwepo kwenye kazi ya leo?" akauliza.

"Hapana."

"Mh," akasema, akaenda kuoga.

Asubuhi nikaibeba lenzi kwenye mkoba kama mtu anayepeleka mtoto hospitali, nikaenda kwa fundi.

Huyu fundi anaitwa Fundi Taratibu. Jina alipewa na wateja wenye haraka. Ana chumba kimoja nyuma ya duka la saa, meza moja, taa moja ya kuinamisha, na ukuta mzima wa kamera zilizokufa.

Hakuigusa lenzi. Alianza na maswali.

"Inakosea kila picha, au nyingine inapata?"

"Nyingine inapata."

"Inayokosea, ulikuwa umevuta au hujavuta?"

Nikaitazama lenzi. Miaka yote ile kwenye kazi, na swali dogo kama hilo sikuwahi kujiuliza.

Alitoa betri tano za redio kwenye droo, akazipanga mshazari juu ya meza, kila moja nyuma ya mwenzake kwa upana wa kidole. Akaifunga kamera yangu kwenye stendi ya miguu mitatu. Akafungua lote lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, akalenga betri ya katikati.

"Tundu likiwa wazi hivi, kosa halina pa kujificha," alisema.

Akapiga. Akaizungusha pete ya fokasi, ile inayonoa picha, mpaka betri zote zikapotea kwenye ukungu, kisha akaiacha kamera itafute upya, akapiga tena. Mara kumi.

"Fundi, moja si ingetosha?"

"Taratibu, dada. Moja inaweza kubahatisha."

Tukazitazama kwenye kompyuta yake. Lenzi ikiwa haijavutwa, betri ya tatu ilikuwa safi, maandishi yake yote yanasomeka. Akaivuta mpaka mwisho, akapiga nyingine kumi. Betri ya tatu ukungu. Ya nne ndiyo safi. Zote kumi, ya nne.

"Ukiivuta, inamwangalia aliye nyuma," akasema.

"Labda kamera ndiyo mbovu."

Hakubishana. Alitia lenzi yake kwenye kamera yangu, betri ya tatu ikawa safi. Akatia lenzi yangu kwenye kamera yake, ya nne.

"Kamera yako haina kesi."

"Si kuna mahali kwenye menyu pa kuisahihisha? Unaiambia irudi mbele kidogo?"

"Papo."

Akaingia kwenye menyu, akasogeza namba moja moja, anapiga, anatazama, anasogeza. Lenzi ikiwa imevutwa, betri ya tatu ikarudi, safi kabisa. Nikashusha pumzi. Nilishaanza kufikiria chai.

Akairudisha lenzi bila kuvuta, akapiga tena. Sasa betri ya pili ndiyo safi. Ya tatu, ukungu.

"Unaona? Tumeziba huku, kumevuja kule. Kosa lingekuwa sawasawa kote, menyu ingetosha. Hili liko ndani."

Akachukua bisibisi nyembamba kama sindano. Nilikaa kwenye kigoda nikamwangalia akitoa skrubu moja moja na kuziweka kwenye kifuniko cha chupa. Ilimchukua saa nzima. Mwishowe akanisogezea taa.

Ndani kulikuwa na vigurudumu vitatu vya plastiki, kila kimoja kama punje ya mchele. Kimoja kilikuwa na ufa.

"Hivi ndivyo vinavyokibeba kioo cha ndani. Usipovuta, kinakaa sawa. Ukivuta, upande huu unalala." Aliinua macho. "Ilianguka kutoka wapi?"

Hakuniuliza kama ilianguka.

"Nani kasema imeanguka?"

Alichukua kitambaa akaanza kuifuta bisibisi ambayo haikuwa na uchafu wowote. Akaifuta. Akaifuta tena.

"Kwenye ngazi za studio," nikasema. "Ngazi tisa."

"Lini?"

"Wiki mbili kabla ya ile harusi."

"Ilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwangu."

Ndugu zangu mnaonisoma, hilo sikuwaambia wiki zote hizi. Niliiokota, nikaipangusa vumbi, nikapiga picha mbili za ukuta. Nikaziangalia kwenye kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera, ambacho kila picha humo inapendeza. Nikasema iko salama. Sikumwambia mtu.

Tena kuna la pili. Siku ya harusi, saa sita mchana, wifi alinifuata akaninong'oneza, "Wifi, hii lenzi haiko sawa, inamruka mtu." Nikamwambia aache visingizio, akapige picha.

"Itapona?" nikamuuliza fundi.

"Nikipata kigurudumu kama hiki, nikakiweka na kukipima, wiki moja. Itapona." Akazima taa. "Lakini picha za harusi ndiyo basi. Fokasi ikishakosa, hakuna kompyuta itakayoileta."

"Najua."

"Na huyo aliyezipiga, anajua kwamba si mikono yake?"

Nikabeba mkoba nikatoka.

Wifi nilimkuta kwenye duka la madaftari na fotokopi. Wamempa kona moja humo ndani, pazia jeupe, stuli, taa mbili. Anapiga picha za pasipoti. Mtu aliyekuwa akiingia kwenye sherehe za watu mia tano na kila mmoja akajiona amependeza, sasa yuko kwenye kona ya duka anawaambia watu wainue kidevu.

Kulikuwa na watu watano kwenye foleni. Nikajipanga nyuma yao. Zamu yangu ilipofika, aliniangalia kama anavyowaangalia wote.

"Karibu. Pasipoti au kitambulisho?"

"Wifi, nimekuja..."

"Kuna watu nyuma yako. Pasipoti au kitambulisho?"

"Pasipoti."

"Kaa."

Nikakaa.

"Inua kidevu. Usitabasamu."

"Sitabasamu."

"Najua."

Akainua kamera. Nikaona nikingoja mahali pazuri pa kusemea, sitapapata.

"Wifi, lenzi ndiyo mbovu. Si mikono yako."

"Angalia hapa."

"Mimi ndiye niliyeiangusha. Kabla ya harusi. Nilijua imeanguka, nikakupa."

Fleshi ikawaka. Kwenye foleni, mzee mmoja aliyekuwa akisoma fomu zake aliacha kusoma.

"Umefumba macho," akasema wifi. "Rudia."

Sikujua anamaanisha picha au maneno. Nikarudia vyote viwili, tena kwa sauti, watu wote wakasikia.

Alipiga, akaishusha kamera. Uso wake haukubadilika, ila mkono aliokuwa ameshikia kamera ulishuka mpaka pajani, kama umechoka ghafla.

"Miaka kumi na mmoja, wifi," akasema. "Tuseme kweli ningekuwa natetemeka. Tuseme macho yamekwisha. Usingeniita pembeni?"

"Nisamehe."

"Leo sitakujibu. Nikikujibu nitakudanganya."

Aligeuka akaiendea mashine, akanikatia picha zangu nne kwa mkasi, akazitia kwenye bahasha. Nilijitazama. Sura ya mtu aliyekaa kituo cha polisi.

Nilikuwa nimeshasimama niondoke nilipokumbuka jambo la pili lililonileta.

"Yule bi harusi alikuja. Anataka picha moja ya mama yake. Sina hata moja ya kumpa."

Mkasi ukasimama hewani.

"Hujampa zile za kamera ndogo?"

"Kamera ndogo ipi?"

Akauweka mkasi mezani. Akaniambia, na watu wa foleni wakasogea wasikie vizuri. Siku ile, kati ya sherehe ya mchana na ya jioni, mama wa bi harusi alikuwa kwenye chumba cha kupumzikia. Alimwita wifi kwa kidole. Akamwambia sasa anaweza kusogea. Wifi alikuwa ameshaichoka lenzi yangu, akaenda na kamera ndogo ya akiba. Alimpiga picha tatu, karibu, uso kwa uso.

"Halafu akaniomba niiweke kamera mezani irekodi, nami nitoke nifunge mlango. Nikailenga kwenye kiti chake, nikaifunga fokasi isihame, nikatoka. Aliniapisha nisimwambie mtu."

"Hata mimi?"

"Wewe ni mtu." Akavuta pumzi. "Siku unanifukuza niliiomba ile kamera. Ukasema hakuna kitu cha studio kitakachovuka mlango. Baada ya msiba nikakupigia simu mara tatu. Ukakata."

Ni kweli. Nilikata. Nilidhani anataka kunigombeza.

"Iko wapi kadi yake?" akauliza.

Nikakaa tena kwenye stuli.

"Nimeifomati. Nimefuta vyote."

"Umefanya nini?"

"Nilikuwa na hasira, wifi. Sikutazama hata kilichomo. Halafu nikaitumia kwenye mahafali ya watoto wa chekechea."

"Picha ngapi?"

"Arobaini na kitu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alizima taa zake mbili, akachukua mkoba, akawageukia watu wa foleni.

"Samahanini sana. Mtanisubiri kidogo."

"Nenda, mwanangu, nenda," akasema yule mzee wa fomu, kana kwamba msiba ni wake. "Sisi tupo."

Tulipitia studio tukachukua kamera ndogo. Njiani wifi alisema neno moja tu.

"Mpigie bi harusi."

"Tuone kwanza kama kuna kitu. Kwa nini tumtie matumaini bure?"

"Mpigie sasa hivi. Kuficha kwako ndiko kulikotufikisha hapa."

Nikapiga.

Fundi Taratibu aliichomoa kadi, akaigeuza geuza mwangani, akaitia kwenye kompyuta.

"Ukifomati, kinachofutika ni orodha," alituambia. "Picha zenyewe zinabaki palepale mpaka nyingine ije ikalie mahali pake. Hatuwezi kujua ngapi zimekaliwa mpaka tuangalie."

Bi harusi aliingia akihema, mkono mmoja kiunoni. Nikampisha kwenye kigoda. Kisha nikamweleza, nimesimama mbele yake kama mwanafunzi. Kwamba lenzi niliiangusha mimi. Kwamba wifi hana kosa. Kwamba kulikuwa na picha nzuri za mama yake na nimezifuta kwa hasira.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba maji.

Kompyuta ikaanza kuokota. Walianza kuja watoto wa chekechea. Mmoja baada ya mwingine, na kofia zao za mahafali zimewaangukia masikioni, wanacheka, hawana meno ya mbele. Siku nyingine ningecheka nao. Siku ile kila mtoto aliyetokea nilimwona amekaa juu ya mama wa mtu.

Picha ya kwanza ya mama, imekaliwa yote. Ya pili, imekaliwa.

Ya tatu ikafunguka kutoka juu kushuka chini, polepole. Kilemba. Paji la uso. Nyusi. Macho. Pua. Kuanzia mdomoni kushuka, rangi ya kijivu tupu.

Lakini macho yalikuwepo. Yalikuwa safi hivi kwamba niliona dirisha la kile chumba limejichora ndani yake. Yalikuwa yakimtazama mtu moja kwa moja, yamechoka, na yana kaucheshi fulani ndani.

Bi harusi akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta.

"Mama," akasema, kama anavyoitika mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Akalia bila sauti. Wifi akamshika bega. Mimi nikatazama kamera zilizokufa ukutani.

"Inatosha," akasema baadaye, akijifuta. "Hii inanitosha kabisa."

Nikadhani tumemaliza. Nilishaanza hata kufunga zipu ya mkoba.

"Kuna kitu kingine hapa," akasema fundi. "Hiki si picha. Ni video."

Wifi akasimama.

"Usiifungue."

Sote tukamtazama.

"Aliniambia nimpe mwanawe siku atakapojifungua. Si kabla. Ndiyo sababu nilikaa nayo, nikaiacha kwenye droo. Nilijua siku itafika."

Bi harusi aliinua kichwa taratibu.

"Atakapojifungua? Alisema hivyo?"

"Neno kwa neno."

"Siku ya harusi?"

"Siku ileile, mimi nimesimama mbele yake."

Yule binti akaliwekea tumbo lake mikono miwili.

"Siku ile nilikuwa na wiki mbili tu tangu nijue," akasema. "Sikumwambia mtu. Hata mume wangu nilikuwa sijamwambia. Nilikuwa nasubiri mama apate nafuu kidogo ndipo nimwambie yeye kwanza. Hakupata nafuu. Shangazi, nimelia miezi miwili na nusu kwamba mama ameondoka hajui."

"Alijua," wifi akasema. "Alijua, mwanangu."

Fundi alivua miwani akaishika tu mkononi.

Ningependa hadithi hii iishie pale. Mngenisamehe, nami ningelala.

Fundi akakohoa.

"Wanangu, sipendi kuwaharakisha, mnanijua. Lakini hii kadi imechoka. Naweza kuinakili video hii sasa hivi. Ila kama ni nzima au ina pengo, hatutajua bila mtu kuitazama mwanzo mpaka mwisho. Mkingoja mpaka siku yenyewe mkute ina pengo, hapatakuwa na pa kutafutia. Leo bado naweza kujaribu."

Bi harusi alifikiri kidogo.

"Mimi nitangoja. Alivyotaka mama ndivyo nitakavyofanya. Atazame mwingine." Akamgeukia wifi. "Shangazi, tazama wewe."

"Mimi mama yako alinitoa nje. Sitarudi ndani bila yeye kuniita."

"Fundi?"

"Maneno ya mama na binti yake? Mimi mzee mgeni? Hapana."

Nikayaona macho ya bi harusi yanakuja kwangu. Nilitamani niwe mojawapo ya zile kamera za ukutani.

"Basi Mama Picha."

"Mwanangu, mimi? Baada ya yote niliyokufanyia?"

"Wewe ndiye unayejua nini kimeharibiwa. Na leo umesema kweli."

Fundi akanipa hedifoni za kuvaa masikioni, akaigeuza kompyuta ili kioo kinitazame mimi peke yangu. Watu watatu wakakaa upande wa pili wakiutazama uso wangu. Nikabonyeza.

Yule mama alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani. Alisubiri mlango ufungwe. Kisha akaanza kuongea.

Aliyoyasema sitayaandika hapa. Si yangu, wala si yenu. Niseme tu kwamba yalichukua dakika tatu na nusu, kwamba alicheka mara mbili, na kwamba niliuma ulimi wangu ili uso usinisaliti mbele ya wale watatu.

Mwishoni alisogea mbele, karibu na kamera, kwenye ile fokasi wifi aliyoifunga kwa ajili yake.

"Akiwa wa kiume, mtaamua wenyewe," akasema. "Lakini akiwa wa kike, mwanangu, nakuomba jambo moja. Mwite..."

Picha ikavunjika vipandevipande. Sauti ikakatika. Kijivu.

Nikarudisha nyuma. "Mwite..." Kijivu. Nikarudisha tena. Nilimwita fundi kwa jicho. Akaja nyuma yangu, akatazama namba zake bila kusikiliza, akabofya hapa na pale kwa muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa, kidogo sana, ili wale wengine wasione. Mahali pale walikuwa wamekaa watoto wangu wa chekechea.

Nikavua hedifoni.

"Inacheza?" bi harusi akauliza.

"Inacheza."

"Sauti ipo?"

"Ipo. Safi kabisa."

"Na yote ipo? Mpaka mwisho?"

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, laini, tayari. Ningesema ipo yote, aende nyumbani na amani yake, alale miezi mitatu na nusu akijua mama yake anamsubiri. Siku ikifika, ningesingizia kadi. Ningesingizia kompyuta. Nimewahi kusema uongo kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na mnajua nani aliulipia.

Wifi alikuwa ananitazama. Hakunyanyua hata nyusi.

"Hapana," nikasema. "Karibu yote ipo. Lakini mwisho kabisa, kuna neno moja alikuwa anataka kukuambia. Neno moja tu. Limekatika kabla hajalitamka."

"Limekatwa na nini?"

"Na mimi."

Bi harusi hakulia. Alikivuta kigoda chake mpaka magoti yetu yakakutana, akaufungua mkono wake mbele yangu.

"Nipe hizo hedifoni," akasema. "Sitangoja tena. Nimsikie mwenyewe."